Kahawa ya Tatu ya Bi Zumra

Kazi yangu ni kuongoza watalii, na mwongoza watalii asiyedanganya hata kidogo hufa njaa. Nimewahi kuwaambia watu kwamba binti wa pasha, gavana wa Kituruki wa zamani, alijirusha kutoka mnara wa ngome yetu kwa ajili ya mapenzi, nikamwona mama mmoja wa Kidenmaki anafuta machozi. Hapakuwa na binti wala pasha. Lakini habari ya kahawa tatu za Bi Zumra ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyoniponza.

Kwetu Herzegovina, kusini mwa Bosnia, mgeni akiingia nyumbani hupewa kahawa ya kwanza, ya kumkaribisha. Akishatulia huja ya pili, ya kupiga soga, na hiyo inaweza kuchukua saa mbili. Ya tatu ikija, mgeni mwenye akili zake huinywa, huchukua kofia yake na kwenda. Hakuna anayeambiwa ondoka. Finjani ndiyo inayosema, na mwenyeji anabaki na heshima yake. Watoto wetu hulijua hilo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Bi Zumra alizaliwa mtaa wa chini, karibu na mto, na hapo ndipo alipoolewa. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika ghala la tumbaku akichambua majani, mpaka vidole vyake vikashika rangi ambayo sabuni haikuiweza. Mumewe alikufa kabla ya vita, kitandani, amezungukwa na ndugu, kifo ambacho siku hizi tunakitaja kwa wivu. Alimwachia mtoto mmoja, Senad. Senad ndiye aliyenitengenezea baiskeli yangu ya kwanza. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na tisa, nami niliamini hakuna fundi kama yeye dunia nzima.

Kiangazi cha mwaka tisini na tatu, vita vilipotufikia, wanaume Waislamu wa mtaa wetu waliitwa nje na watu wenye bunduki, wakapangwa mbele ya duka la mikate, wakapakiwa kwenye lori. Kumi na mmoja hawakurudi, na Senad ni mmoja wao. Sisi tuliobaki tulifukuzwa kwa miguu, kila mtu na mfuko mmoja, na nyuma yetu nyumba zikachomwa. Mimi nilikulia Ujerumani. Bi Zumra alikaa miaka sita katika chumba cha wakimbizi huko Zenica, akilala na wanawake wanne wasiojuana, kisha akawa mtu wa kwanza kurudi mtaani.

Alikuta nyumba haina paa na mtini umeota katikati ya jiko. Alitandika turubai pembeni ya ule mti akalala. Siku ya tatu asubuhi jirani yake Vinko, Mkristo wa nyumba ya juu yake kilimani, aliteremka na kitu kilichofungwa kwa gazeti kuukuu. Ndani mlikuwa na mdila wake wa shaba wa kuchemshia kahawa na finjani zake zote.

"Nilivichukua kabla nyumba haijaungua," alisema Vinko.

"Kabla," alisema Bi Zumra. "Kumbe ulijua itaungua."

Vinko alitazama viatu vyake. Bi Zumra akakusanya vijiti vya mtini, akawasha moto, akachemsha kahawa, maana mgeni ni mgeni hata kama nyumba haina paa.

Sasa nieleze kwa nini finjani hizo zilikuwa nzito. Vinko ndiye pekee mjini aliyekuwa na trekta lenye koleo la kuchimbia. Mitaro ya maji alichimba yeye, misingi ya nyumba yeye, na ardhi ikiwa mawe matupu hata makaburi yetu Waislamu alichimba yeye, kisha akasimama pembeni kavua kofia. Wiki ile ya lori watu wenye bunduki walimfuata nyumbani wakamchukua na trekta lake. Alirudi siku ya pili. Mkewe, Luca, alionekana kutwa nzima akiosha magurudumu, na maji yaliyotiririka kilimani yalikuwa mekundu. Udongo wa mjini kwetu ni mweupe. Udongo mwekundu uko mabondeni, na mabonde ni mengi.

Kwa hiyo Vinko alijua Senad yuko wapi. Bi Zumra alijua kwamba Vinko anajua, na Vinko alijua kwamba Bi Zumra anajua. Waliishi hivyo, jirani kwa jirani.

"Mshitaki," watu walimwambia.

"Nimshitaki nipate nini? Atafungwa, atafia ndani, nami nitabaki na karatasi yenye muhuri. Mimi sitaki karatasi. Nataka mahali. Nipewe mahali tu, nitachimba hata kwa kijiko."

Watu wa tume ya waliopotea walikuja mara mbili wakamtoa damu kidoleni, ili siku mifupa ikipatikana waioanishe na damu yake. Haikupatikana. Na kila Idi Vinko aliteremka kilima na sahani ya tufaha kumpa jirani mkono wa Idi, kama baba yake alivyofanya, na kila Krismasi Bi Zumra alipanda kwa Vinko na sinia la vitamu vya baklava. Mtaa ulisema yote. Rafiki yake mmoja wa ghalani alimjia juu hadharani, mbele ya msikiti uliojengwa upya.

"Zumra, huoni haya? Unamnywesha kahawa mchimba kaburi la mwanao!"

"Nimnyweshe nini, sumu? Akifa ataniambia nani? Wewe?"

Idi ile ya kwanza baada ya kurudi alimwambia Vinko waziwazi, bila kupandisha sauti. "Jirani, kwangu ya kwanza utapata na ya pili utapata. Ya tatu utaipata siku ukishasema. Kabla ya hapo mimi sikufukuzi."

Tangu hapo ikawa hivyo. Ya kwanza, ya pili, kisha maji ya kahawa ya tatu yanachemka pembeni juu ya makaa na hayamiminwi. Vinko anaizungusha kofia magotini, anazungumzia vitunguu, anazungumzia magoti, anafungua mdomo, anaufunga. Mwishowe anaondoka mwenyewe, ameinama kama mtu aliyeiba. Miaka kumi na tano! Mimi nisingeweza hata mwezi mmoja.

Niliporudi kutoka Ujerumani na kuanza kuongoza watalii, mji ulikuwa umepata nafuu ya nje. Mnara wa msikiti ulisimama tena, mweupe kupita kiasi, na nusu ya nyumba zilikuwa na vigae vipya. Nusu nyingine zilibaki na miti ndani. Watalii walizipiga picha zote. Nilimwomba Bi Zumra niwalete uani kwake, chini ya mzabibu, waonje kahawa ya kwetu.

"Walete," alisema. "Angalau nyumba isikie kelele."

Aliwapenda kwa namna yake. Aliwacheka wakikoroga kahawa mpaka machicha yakapanda juu, akawafundisha kuchovya sukari na kuiuma kidogo kidogo. Lakini nilipomwambia tuwaonyeshe na ile ya tatu, alinitolea macho.

"Ile si maigizo, Rusmir."

"Shangazi, ni utani tu. Watalii hawa wanapenda kufukuzwa kwa adabu, kwao hawakupata."

"Basi wakafukuzwe kwao."

Kwa hiyo niliieleza kwa mdomo tu, wakacheka, na tukaishia ya pili. Miaka mitatu tulikwenda hivyo bila tatizo.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa tisa, asubuhi, zabibu zimeiva mpaka nyigu wamelewa. Nilikuwa na Waholanzi saba. Ya kwanza ilikuwa imeshanywewa mlango wa ua ulipofunguka akaingia Vinko. Alikuwa amevaa suti nyeusi na amenyoa, amejikata kidevuni, kipande cha karatasi kimeganda kwenye damu.

"Jirani," alisema Bi Zumra, "leo si Idi."

"Najua."

"Kuna msiba?"

"Bado," alisema Vinko, akatabasamu kidogo, akakaa mwisho wa benchi.

Akapewa ya kwanza yake upesi, halafu ya pili pamoja na wote. Bi Zumra alinivuta jikoni kwa mkono wa shati. Sijawahi kumwona vile. Shingo yake ilikuwa imejaa mabaka mekundu.

"Rusmir, waondoe hawa watu. Leo atasema."

"Umejuaje?"

"Amenyoa, huoni? Gari la binti yake liko darajani, wanampeleka hospitali Zagreb kupasuliwa moyo. Luca aliniambia jana. Ameogopa kufa nayo. Waondoe, mwanangu, kwa adabu, wasijue wamefukuzwa. Mimi nakwenda kunawa uso, moyo unanienda mbio, sitaki anione hivi. Nikirudi nisiwakute."

"Usijali, shangazi. Dakika tano."

Alikwenda chumba cha nyuma. Nami nilibaki na Waholanzi saba waliotulia kama wako kwao, mmoja amevua viatu. Niwaondoe kwa adabu, wasijue! Nikatazama makaa. Maji ya kahawa ya tatu yalikuwa yanachemka pale pembeni, kama yalivyochemka kila alipokuja Vinko. Nikajiona mjanja kweli. Miaka mitatu watalii walikuwa wananiomba kuiona kahawa ya tatu, na sasa nitawaonyesha hawa, watacheka, watakwenda wenyewe.

Nikatia unga wa kahawa, nikaungoja uumuke, nikamimina, nikatoka na sinia.

Kwetu sinia halimruki mtu. Ukipita na sinia ukamruka mmoja, umemtukana yeye na baba yake. Mkono wangu ulijua hilo kuliko kichwa changu. Nilianza upande wa Waholanzi, nikawapa mmoja mmoja, nikisema kwa Kijerumani kwa mbwembwe, "Na hii ndiyo ile inayosema, tokeni nyumbani kwangu!" Wakapiga makofi. Nikafika mwisho wa benchi na mkono ukaweka finjani ya nane mbele ya Vinko.

Aliitazama. Akatazama mlango wa jikoni, uliokuwa mtupu.

"Imetoka jikoni?" aliniuliza.

Nilikuwa nashughulika na kamera ya mtu. "Imetoka jikoni, mzee wangu. Itoke wapi pengine?"

Aliinywa yote, moto vile vile, na machicha. Akaiweka finjani chini taratibu, akavaa kofia.

"Mwambie jirani nimeipokea," alisema. "Mwambie ana haki."

"Nitamwambia," nilisema.

Na unajua nilidhani nini? Nilidhani anashukuru. Nilidhani anatoka nje kupunga upepo mpaka wageni waondoke. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi maana niliijua, niliinywa na maziwa ya mama yangu, na ndiyo sababu sina pa kujificha. Niliwasindikiza Waholanzi mpaka njiani, wananishukuru, wanasema ilikuwa ya kupendeza sana.

Niliporudi, Bi Zumra alikuwa amesimama uani. Alikuwa amevaa mtandio wa hariri wa kijani, ule wa Idi.

"Vinko yuko wapi?"

"Ametoka. Amesema nikwambie ameipokea. Na kwamba una haki."

"Ameipokea nini?"

Hakungoja nijibu. Alitazama benchi. Pale mwisho palikuwa na finjani mbili za mtu mmoja, ya pili aliyoibakiza nusu, na nyingine iliyonywewa mpaka chini. Alizitazama, akatazama sinia tupu pembeni yake.

"Ulimpa?"

"Nilimpa kila mtu, shangazi. Sinia..."

Alikimbia. Mwanamke wa miaka sitini na minane, magoti yamekwisha kwa unyevu wa Zenica, alikimbia na ndara zake akapanda kilima mpaka kwa Vinko, akakuta mbwa tu. Akateremka mpaka darajani. Mimi nilimfuata nyuma nikisema sijui nini. Gari lilikuwa limekwenda. Fundi aliyekuwa anapaka chokaa ukutani alisema limeondoka sasa hivi, mzee kakaa mbele, mkewe nyuma.

Bi Zumra aliketi kwenye ukingo wa daraja. Ndara moja alikuwa ameipoteza kilimani.

"Miaka kumi na tano," alisema. Ningefurahi kama angenizaba kofi.

Jioni tulimpigia Luca simu. Ilimchukua muda mrefu kupokea. Walikuwa wamefika Zagreb, kwa binti yao.

"Luca, nipe Vinko."

"Amelala, Zumra. Njia imemchosha, na daktari kamwambia apumzike. Wanampasua kesho asubuhi."

"Mwamshe."

"Jamani, Zumra! Nimwamshe mgonjwa?"

Bi Zumra alifumba macho. Nilimwona akipigana na adabu yake mwenyewe. Mimi ningepiga kelele mpaka nyumba yote ya Zagreb iamke. Yeye alilelewa vingine, na adabu ikamshinda, kama ilivyoushinda mkono wangu asubuhi.

"Basi usimwamshe. Akiamka mwambie kahawa ile sikuitoa mimi. Sikia vizuri. Sikuitoa mimi. Imetolewa na yule bwege Rusmir."

"Nitamwambia," alisema Luca.

Vinko hakutoka chumba cha upasuaji akiwa hai. Walimrudisha siku ya nne, tukamzika juu ya mji, kwenye makaburi yao yenye miberoshi. Kaburi lake lilichimbwa na kampuni kutoka mji mwingine, kwa mashine ya manjano. Bi Zumra alikwenda, na mimi nilimshika mkono. Watu walitupisha njia wakinong'ona. Alitupa udongo wake kama jirani, halafu akangoja mpaka Luca akabaki peke yake.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Walikuwa wameshamlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wanamsukuma, nami natembea pembeni. Nikamwambia Zumra anasema kahawa ile hakuitoa yeye." Luca alifuta pua kwa leso. "Alicheka, Zumra. Miezi mingi hakuwa amecheka. Akasema, basi bado ninayo finjani yangu kwa Zumra. Nikirudi nitaifuata."

"Hakusema mahali?"

"Milango ikafungwa."

"Na wewe hujui."

Luca alitazama mikono yake. "Yale magurudumu niliyaosha kwa ndoo ishirini. Sikumuuliza. Nililala naye kitanda kimoja miaka yote ile na sikumuuliza, kwa sababu niliogopa atanijibu."

Nilitarajia Bi Zumra atamlaani. Alimtengeneza Luca mtandio mweusi uliokuwa unamteleza, akageuka, tukateremka.

Watalii sikuwapeleka tena kwake. Nilikaa mwezi mzima bila kupita mtaa ule, nikizunguka kwa njia ya sokoni kama mwenye deni. Ijumaa moja nilipata moyo nikaenda. Majani ya mzabibu yalikuwa yameanguka na hakuna aliyeyafagia. Alinifungulia, akawasha makaa.

Nilipewa ya kwanza. Nilimwomba radhi, nikalia, nikajitukana kwa maneno yote ninayoyajua na mengine ya Kijerumani. Alinisikiliza akichovya sukari. Nikapewa ya pili. Aliniuliza habari za mama yangu, na kama kweli njia ya bondeni imetiwa lami, na kama udongo wa kule pembeni mwa njia ni mwekundu. Nikasema ndiyo, ni mwekundu, pande zote mbili, mpaka unapofika mlimani. Alitikisa kichwa.

Jua liliondoka uani. Maji yalikuwa yanachemka pembeni ya makaa, nami nilikuwa nayatazama kama mtu anayesubiri hukumu. Nilitaka anifukuze. Haki ya Mungu, sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka finjani ile.

"Shangazi," nilisema, "nimiminie ya tatu niende zangu."

"Ya tatu haipo."

"Maji si yale pale?"

"Maji yapo. Ya tatu haipo."

"Basi nifukuze kwa mdomo. Niambie toka, usirudi."

Aliniangalia bila hasira hata chembe, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Yule alikuwa na la kusema, akaondoka. Wewe huna la kuniambia. Basi kaa."

Nikakaa. Makaa yakazimika na maji yakapoa kwenye mdila. Sasa naenda kila Ijumaa, nakunywa mbili, na mpaka leo sijui namna ya kuaga katika nyumba ile.